Shangazi Anajibu: Wanyamavu Husikia, Wakajifanya Hawakusikia

Mfuko wa barua umevimba. Kwa aliyeingia njiani: hadithi yetu ni ya viumbe watatu, Mosi, Pili na Tatu, walioshuka usiku pale Busia kwenye kile kipande cha ardhi kisicho cha Uganda wala cha Kenya, katikati ya mageti mawili. Hawasemi kwa mdomo. Husikia mawazo ya yeyote aliye ndani ya hatua 400 hivi, na wao wakiwaza kwa nguvu, nawe unawasikia kichwani. Nyuma ya shingo wana shungi la ngozi. Wakisikiliza linasimama kama la jogoo, wakililaza hawasikii kitu. Mwendesha boda wa kwanza kuwabeba ndiye aliyewapa jina. Aliwauliza mara nne wanakwenda wapi, hawakufungua mdomo, akashtukia ameshawafikisha. "Hawa ni wanyamavu," akasema, jina likabaki. (Msomaji wa Iganga aliyeuliza kwa nini nimewaita "wanyama": soma tena, polepole.)

Katika sehemu ya 11, Tatu alisimama mbele ya mama muuza samaki. Mama yule moyoni alikuwa akipanga kumkimbia mumewe Jumamosi, watoto na godoro juu ya pikapu ya kaka yake. Tatu akalaza shungi, akapimiwa makopo matano ya mukene, yaani dagaa, akaenda zake. Wengi wenu mmekasirika. "Amesikia shida ya mtu akanyamaza, huo ndio ujamaa gani?" Tutafika huko.

*Mwanafunzi wa Senior Three, Masindi: Shangazi, mwalimu wetu wa fizikia anasema kusikia mawazo ya mtu hakuwezekani. Wanyamavu wanasikiaje?*

Mwalimu wako yuko sawa, usibishane naye hasa kabla ya mtihani. Hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba mtu anaweza kusikia fikra za mwenzake hivihivi. Hii ni hadithi. Lakini hata mwongo hujenga nyumba yake kwenye udongo, na udongo wangu niliuokota Majanji, kando ya Ziwa Victoria.

Nilikuwa mwaloni asubuhi, nangoja mitumbwi. Mvuvi akamwaga ndoo, na kati ya ngege akatoka kasulu. Kama hujamwona: samaki wa rangi ya matope, macho madogo, na mdomo mrefu uliopinda chini kama mkonga wa ndovu mtoto. Mvuvi akamnyanyua kwa mkia akasema, "Huyu ana akili kuliko mimi. Giza totoro, anajua nyavu ziko wapi." Nikamshika. Baridi, utelezi, basi.

Kumbe mkiani ana kiungo kinachotoa umeme, hafifu mno, mkono wa mtu hauuhisi. Ngozi yake ndiyo sikio lake. Kwa umeme huo anatambua jiwe gizani, na anatambuana na kasulu wenzake. (Usimchanganye na kambare wa umeme wa Mto Nile. Huyo ukimshika utaachia ndoo na mtumbwi pamoja.) Mwaka 1951 mtafiti wa Cambridge aitwaye Hans Lissmann alionyesha kwamba samaki mwingine wa Nile, Gymnarchus, hutoa umeme hafifu bila kukatiza. Maana yake ni kwamba miaka yote ile babu zetu wakivua, chini ya mtumbwi kulikuwa na mazungumzo, na hakuna aliyejua.

Ila kilichonifanya niweke kalamu chini ni jambo jingine. Kasulu ana ndugu zake huko Afrika ya kati na magharibi, na mmoja wao alipopimwa, ubongo wake ulikutwa unatumia karibu asilimia 60 ya oksijeni yote ya mwili. Wetu sisi ni kama asilimia 20. Nikasema, alaa! Kumbe kusikia sana ni kula sana. Hapo ndipo nilipokielewa chungu cha chakula cha Wanyamavu.

Kwao hakuna kikao kabla ya chungu. Mwenye njaa mawazo yake yanagonga, kama bati lililolegea usiku wa upepo, na katika hatua 400 hakuna atakayelala. Kwa hiyo wanampa chakula. Hawamhurumii na hawasubiri shukrani. Wewe ukipigilia msumari bati linalogonga, bati linakushukuru? Wasomaji watatu wameniandikia kwamba Wanyamavu ni wakarimu sana. Si wakarimu. Wanataka kulala.

*Mwendesha boda, Malaba: Nikimwambia Mnyamavu nauli ni 5,000 na moyoni nakubali 3,000, itakuwaje?*

Mwanzoni walitoa 3,000 na hawakuelewa kwa nini mtu amenuna. Siku hizi Mosi akikaribia stegi analaza shungi, anabishana kwa vidole, analipa 4,500 na kuondoka akilalamika moyoni kwa nguvu mpaka wapita njia wanageuka. Anasema safari isiyo na mabishano haina chumvi. Amekuwa mtu wa Busia, na ninyi wa boda mjue mnaheshimiwa: jina lenu lilizaliwa hapa mpakani, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha watu toka boda hii hadi boda ile.

*Mwalimu mstaafu, Soroti: Umeandika kwamba Mosi ana umri wa miaka 3,000. Bibi, umezidisha chumvi.*

Mwalimu wangu, chukua chaki. Nimewaweka kwenye sayari ya nne kati ya zile saba za nyota iitwayo TRAPPIST-1, kama miaka ya nuru 40 kutoka hapa. Habari za sayari hizo saba zilitangazwa mwaka 2017. Nyota ni ndogo na sayari zimeisogelea kama watu wanaoota moto, hivyo mwaka mmoja wa sayari hiyo ni siku zetu 6.1. Zidisha kwa 3,000, gawanya kwa 365. Mosi ana miaka 50 na kidogo. Mimi na yeye tungesoma darasa moja.

*Baba wa watoto wanne, Mbale: Mimi ni Mgisu. Nilisimama mbele ya kisu cha tohara mwaka 2008. Kama Wanyamavu wangekuwa Mutoto, uwanja wetu wa tohara, mwezi wa nane, mwaka wa shufwa, wangesikia kisu? Na kijana akiogopa ndani bila kutikisika nje, wangemhesabu mwanamume?*

Barua hii nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama.

Wangesikia, ndiyo. Kisu kingekuwa chao wote watatu. Lakini wangesikia mengine ambayo wewe hukuyasikia siku ile kwa sababu ya ngoma na masikio yako kuwa mawili tu. Wangemsikia baba yako. Wangemsikia mama, aliyeketi ndani kama desturi inavyotaka, akihesabu kitu chochote kilicho mbele yake, vigae, kuku, vidole. Wangemsikia na mtahiri mwenyewe, kwa sababu mkono uliozoea nao una hofu yake. Pili angebaki ameduwaa: uwanja mzima unaogopa pamoja na kijana mmoja aliyepakwa unga usoni, na ni yeye peke yake anayetazamwa macho.

Kuhusu kumhesabu, kwao hakuna jaribio la ushujaa, kwani moyo wa kila mtu uko wazi kama kikapu cha nyanya. Ningeandika tukio hilo hivi: kijana anainua mikono, macho yanaganda mbali, na Wanyamavu wote watatu wanalaza shungi kwa pamoja, kama wanaume wanavyovua kofia jeneza likipita. Si kwamba hawawezi kuvumilia. Yule kijana anaficha kitu kwa nguvu zake zote, na kitu kinachofichwa kwa jasho namna ile kina mwenyewe.

Umeniuliza pia kama wewe mwenyewe uliogopa na kama watoto wako wajue. Hilo si la hadithi, na silijibu hapa mbele za watu.

*Katekista, Tororo: Viumbe wanaoingia mioyoni mwa watu ni mapepo. Acha kuwaingiza majumbani mwetu.*

Mzee wangu, pepo haombi ruhusa. Hawa wamefundishwa kubisha hodi.

*Muuguzi, Kabale: Huku milimani tuna vyama vya engozi, mgonjwa akizidiwa, wanaume wanambeba kwenye machela kwa zamu hadi barabarani. Mnyamavu anayeugua nje ya hatua 400 anasaidiwaje?*

Kwa mnyororo. Wanasimama mmoja mmoja, kila mmoja mwisho wa hatua 400 za mwenzake, na habari inapita kichwa kwa kichwa. Ni kama engozi yenu, ila kinachobebwa ni neno, na neno huteleza kuliko mgonjwa. Siku moja, mnyororo wa watu 30, habari ilianza "maji yamefika" ikaishia "mgeni amefika". Kijiji kizima kikapika.

Anayesimama mwisho kabisa huitwa mwenye ukingo. Upande mmoja anasikia wenzake, upande wa pili hasikii kitu. Wanashika nafasi hiyo kwa zamu, na wako wanaoiogopa kama kifo. Pia wako, hawa nitawarudia katika sehemu zijazo, wanaoomba zamu isiishe.

*Mfanyabiashara, Masaka: Kwa nini walijifunza Kiswahili kwanza na si Kiganda? Kwangu Kiswahili ni lugha ya kuambiwa "lala chini, toa kitambulisho."*

Kaka, sikukemei. Wengi wa rika letu walikisikia kwanza kikitoka nyuma ya bunduki. Mwaka 1973 Amin alikitangaza lugha ya taifa na hilo halikukisaidia kupendwa. Mwaka 2005 katiba ikakifanya lugha rasmi ya pili, 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima shuleni, na bado mtu akikisikia usiku anatafuta mlango wa nyuma.

Mimi ni binti wa konstebo. Nilizaliwa katika laini za polisi, ambako Mteso, Mlugbara, Mganda na Msamia waligawana bomba moja la maji. Kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya "nipe chumvi kidogo", ya "mtoto wako amempiga wangu", ya kuimbia vitoto vya wenzako. Na soko la mpakani ndivyo lilivyo. Wanyamavu walipofika walisikia watu wakilia kwa Kisamia, wakisali kwa Kiteso, wakitukana kwa Kiganda (samahani), lakini kila mtu alipotaka kitu cha mwenzake, wazo lilihamia Kiswahili. Wakaanza na lugha ya kuhitajiana. Ungefika soko lile ukiwa mgeni, nawe ungeanza hapo.

*Mjane, Arua: Shangazi, mume wangu amezikwa miezi mitano iliyopita. Wakati wa msiba nyumba ilijaa mpaka tukakosa pa kulala. Sasa naongea na redio. Nasoma habari za Wanyamavu na kuwaonea wivu. Wao wakifiwa uchungu unapungua, si wanagawana?*

Dada yangu, pole. Barua yako niliiweka juu ya meza ya kulia chakula, nikala pembeni yake siku nne.

Haupungui. Nilijaribu kuuandika ukipungua, ukurasa mzima, nikauchana. Uchungu si muhogo kwamba ukikatwa vipande kumi kila mtu anapata kidogo. Kwao, Mnyamavu mmoja akifiwa, wote walio ndani ya hatua 400 wanaupata mzima mzima. Siku za kwanza shungi zote ziko juu na hakuna anayefanya kazi. Halafu yule mfiwa anaanza kupata tabu ya pili: kila akiusogelea uchungu wake, anawakuta watu mle ndani. Hawezi kumkumbuka marehemu akiwa amekasirika naye, au akicheka naye chumbani, bila kijiji kujua. Hapo wanafanya jambo ambalo sikulibuni mimi.

Laini zetu zilikuwa zile nyumba za bati za mviringo, uniporti. Bati halizuii kitu. Tulijua nani anakohoa, nani amelewa, nani anaomba Mungu ampe mtoto. Jirani yetu upande wa bomba alifiwa na mumewe, askari mwenzake baba, aliyekuwa amehamishwa kaskazini. Watu walikuja, wakaketi, wakaondoka, kama kwako. Baada ya wiki kadhaa nikaamshwa usiku na mama yangu akisugua sufuria. Saa tisa. Ameketi mlangoni na taa ya kibatari, mchanga mkononi, anasugua sufuria lililokwisha takata tangu jioni, na sauti ile kwenye bati ni kama treni. Baba akageuka upande wa pili wala hakusema neno. Nikamwuliza mama, "Unafanya nini?" Akasema, "Lala."

Alipopumzika kidogo kubadili mkono, ndipo nilipomsikia jirani. Alikuwa ameuma kitu, nguo au shuka, ili asisikike. Mama akaanza tena kusugua, kwa nguvu zaidi, na nyuma ya kelele ile yule mama akaachia kitu alichouma na kulia anavyotaka.

Ilikwenda hivyo usiku mwingi. Siku nyingine upande wa tatu mtu aliwasha redio, siku nyingine mzee mmoja alipata kikohozi kirefu cha ajabu. Asubuhi kwenye bomba mama alisema, "Umeamkaje? Mkaa wako umebaki?" Jirani akasema umebaki kidogo. Basi. Hakuna aliyewahi kulitaja, na mwaka uliofuata mama alipojifungua mtoto aliyefariki, nilisikia sufuria upande wa bomba.

Kwa hiyo Wanyamavu, baada ya siku za kwanza, hulaza shungi kwa zamu, na wale wa zamu huzunguka nyumba ya mfiwa wakiwaza mambo ya kipuuzi kwa sauti kubwa: bei ya chumvi, namna ya kumenya ndizi, mbuzi wangapi wamepita. Wanaita kumfunika. Chini ya kelele ile mfiwa anapata chumba.

Na ninyi mliomkasirikia Tatu, rudini kwenye sehemu ya 11, mstari wa mwisho kabisa. Makopo matano ya mukene. Tatu hali samaki. Nilisema hivyo katika sehemu ya 3. Yule mama alikuwa amepungukiwa nauli ya pikapu, na Jumamosi ilikuwa kesho kutwa.

Dada wa Arua, nina swali nami. Kuongea na redio, unaongea nayo saa ngapi? Maana majirani wako huenda wanasikia, na huenda yule anayetwanga usiku hana haraka ya unga. Niandikie.

*Mwanafunzi wa Primary Five, Busia: Je, Wanyamavu wanaota ndoto? Na je, wanakoroma?*

Hatimaye swali la maana.

Kwao hakuna usiku. Wataalamu wanadhani sayari za namna ile huielekeza nyota yao uso uleule siku zote, upande mmoja mchana wa milele, upande mwingine giza la milele. Nimewajengea miji kwenye ukanda wa katikati, mahali penye machweo yasiyoisha. Kwa hiyo hulala kwa zamu, na aliye macho siku zote anakanyaga ndoto za mtu. Unaenda kuteka maji, unakuta nyoka mwenye kofia, unampisha, unaendelea.

Walipofika Busia, saa moja jioni jua likazama vup, kama linavyozama kwetu mwaka mzima, na baada ya saa chache wakasikia jambo ambalo hawajalisikia maishani: mji mzima unaota kwa wakati mmoja. Pili alikwenda kuketi juu ya paa la ghala, shungi limesimama wima. Madereva wa malori yaliyopanga foleni walikuwa wakiota barabara. Mama mmoja wa chapati aliota chapati. Mtoto mmoja wa Primary Five, simtaji, aliota anaruka juu ya ofisi ya forodha akiwa amevaa sare bila viatu. Pili alimfuata mpaka akatua.

Na kukoroma, wanakoroma. Mdomo hawautumii kwa kazi nyingine yoyote ila kula, kwa hiyo una nguvu zote. Mosi alifukuzwa gesti mbili.